Pikapu ya petroli inabugia mafuta ikivuta tela: tupeane uzoefu

Wakuu, nina Hilux ya petroli, injini 2.7. Navuta boti ya faiba kutoka Sahare kwenda Pangani. Bila tela napata kilomita 9 kwa lita, nikifunga tela 6 kwa taabu. Dizeli ndiyo ya mizigo, najua, msinirudie hilo. Aliyepunguza alipunguzaje? Na aseme alipimaje, sio "naona imetulia".

Dereva wa Muheza: Nabeba machungwa. Nilijaza tangi pomoni Tanga mjini, nikaenda Segera na kurudi, nikajaza tena pampu ile ile. Mwendo wa 100 ulikula lita 23. Kesho yake mzigo ule ule, sikuvuka 80: lita 19, na nilichelewa kama dakika 20 tu. Kutoka 80 hadi 100 nguvu ya upepo inapanda kwa zaidi ya nusu, na tela ni ukuta. Turubai nalo likaze, likipigapiga linakurudisha nyuma.

Mvuvi wa Raskazone: Mkuu, hilo tela unalizamisha baharini ukishusha boti? Basi anza hapo. Langu nilisimama Pongwe, nikagusa habu ya kulia, pale katikati ya gurudumu, nusura ninyofoke ngozi. Chumvi ilikuwa imekula bearingi na breki imeshika. Nilikuwa nanunua petroli ya kuburuza breki! Sasa kila nikitoka majini nalimwagia maji yasiyo na chumvi, na grisi sisubiri ipige kelele.

Fundi, Chumbageni: Hili ni letu mafundi, nakiri. Gari likichemka tunang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, eti pwani kuna joto. Injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inazidi kumwaga petroli. Mshale wa temprecha ukilala chini safari nzima, ulizia thamostati iko wapi.

Wa Lushoto: Kupanda kutoka Mombo usilazimishe gia kubwa, shusha mapema. Na wale wa kushuka na nyutro: injini ya EFI, yaani inayopimiwa petroli na kompyuta, ukiacha pedali ikiwa kwenye gia inakata petroli yenyewe. Nyutro inaendelea kunywa, na tela linakusukuma bondeni.

Mwenye uzi: Nimerudi, wakuu. Habu ya kushoto ilikuwa ya moto, bearingi nimebadili. Nimepima kwa pampu ile ile: 7.1. Thamostati kweli haimo, na fundi aliyeing'oa hapokei simu.