Naomba ushauri: akili mnemba inashindwa na kejeli za kisiasa

Wadau, naomba ushauri. Kazi ni kupima msimamo wa watu kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024 nchini Kenya kwa kutumia machapisho ya mtandao wa X: anaunga mkono, anapinga, au hana upande. Machapisho 3,000 yamewekewa lebo, kila moja na wasomaji wawili, kisha AfroXLMR, modeli ya akili mnemba inayosoma lugha za Kiafrika, ikafunzwa kwa hayo.

Kinachosumbua ni kejeli. "Asante Zakayo kwa kodi ya mkate" ni kupinga kabisa, ila modeli inanasa "asante" na kuliweka upande wa wanaounga mkono. Msomaji asiyejua kwamba Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, ni jina la utani la Rais Ruto naye anakosea vilevile. Ndiyo maana kappa ya wasomaji, yaani kipimo cha jinsi wanavyokubaliana (1 ni kukubaliana kabisa), haivuki 0.6, na ni vigumu modeli kuwa bora kuliko lebo zake.

Nakala zilizojirudia zimeshaondolewa, maana zikibaki kwenye mafunzo na majaribio, alama hupanda kwa uongo. Machapisho ya mafunzo yanaishia Juni 18, kodi ya mkate ilipoondolewa kwenye mswada. Ya majaribio ni ya Juni 19 hadi 25, waandamanaji walipoingia bungeni.

Je, kejeli ipewe lebo ya pembeni, au modeli isomeshwe pia chapisho linalojibiwa? Na mnasawazishaje uzito wa machapisho kwa sensa ya 2019, ili yawakilishe Wakenya wote, wakati umri na kaunti ya mwandishi havijulikani?