Kichanga wa wiki 5, wakubwa wa miaka 3 na 7, vyumba viwili: tunajipangaje?

mamaK_Tandika

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naomba maarifa. Maneno ya kunipa pole ninayo ya kutosha.

Tuko Dar, vyumba viwili. Chumbani kwetu kuna kitanda cha 5 kwa 6 chenye chandarua, kile cha pili kina kitanda cha kaka mtu, miaka 7. Wa kati ana miaka 3, siku zote analala na sisi. Kichanga ana wiki 5, ananyonya tu. Baba watoto anatoka saa 11 alfajiri, anarudi saa 2 usiku. Bibi yao anakuja mchana kusaidia.

Yanayonishinda ni haya. Wa kati hataki kuhama, usiku tunabanana wanne. Nikikaa kunyonyesha tu, ndipo anapotaka maji, choo, kupanda mgongoni, na akipata upenyo anambana mtoto mashavu. Alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na bibi anasema dawa ni fimbo. Halafu bibi huyo huyo anataka kaka mtu awe anafungiwa mtoto mgongoni ili mimi nipate kupika. Kaka mwenyewe anatamani kweli. Na kila wiki anarudi na kikohozi cha shule.

Nianzie wapi?

NesiWaZamu

Anzia usiku, mama K, maana ndipo penye hatari. Mengine ni usumbufu.

Kichanga na mtoto wa miaka 3 wasilale kitanda kimoja. Mtoto wa umri huo akishalala hajui alipo, anageuka, anarusha mkono, anamlalia mwenzake na wala hashtuki. Na usimhamishie kichanga upande wa ukutani ukidhani ni salama. Kati ya godoro na ukuta pana mwanya, akiteleza humo uso unabanwa na hawezi kujitoa.

Kinachofaa ni kigodoro chake mwenyewe, chumba hicho hicho, kando yako. Kiwe kigumu: kibonyeze kwa kiganja kisha uachie, kikibaki na shimo ni laini mno. Mkeka chini, kigodoro juu yake, shuka moja iliyovutwa na kuchomekwa vizuri. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna khanga ya kufunika uso eti mwanga unamsumbua. Alazwe chali kila mara, hata usingizi wa mchana. Na kama sakafu ni kavu, shusheni na godoro lenu chini. Mkibaki kitandani, saa 9 usiku utamnyanyua, utamnyonyesha ukiwa umelala nusu, na mtaamka asubuhi naye yuko hapo juu.

Halafu hilo la chandarua. Umetaja kimoja. Kwa hiyo kaka mtu analala bila? Kile ulichopewa kliniki ulipoanza mahudhurio ya ujauzito, kama bado kiko kwenye mfuko wake (wengi wanakitunza kama sahani za wageni), kitoe leo kiende kitanda cha watoto. Kitundike kivulini saa 24 kwanza, kisha kifungwe na kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikichafuka, maji baridi na sabuni ya kawaida ya mche, kianikwe kivulini. Sabuni kali, dawa ya kung'arisha nguo na jua vinaua ile dawa iliyomo.

Kichanga atosheke na kile cha mwavuli kinachouzwa sokoni. Chagua kipana kuliko kigodoro. Vingi havina dawa, na mkono ukigusa wavu mbu anauma kupitia tundu.

Shangazi Mkali

Kuhusu kumhamisha wa kati: asihamishwe na mama. Mama akimtoa kitandani, yeye anahesabu kwamba kichanga ndiye aliyemfukuza. Baba anarudi saa 2 usiku, basi kazi ya kulaza ni yake. Siku 3 za mwanzo alale naye kwenye kitanda cha kaka mpaka ashikwe na usingizi, siku 3 nyingine akae tu ukingoni, baadaye amtakie usiku mwema na kuacha mlango wazi. Akirudi kwenu usiku wa manane, na atarudi, arudishwe kimyakimya bila mhadhara. Mkimwacha "leo tu", mmeanza upya.

Mto wake na shuka yake viende naye. Asipewe shuka mpya. Anataka harufu anayoijua.

Kukojoa: fimbo haina kazi hapo, mtoto hakojoi kwa kupenda. Nailoni nene chini ya shuka, choo kabla ya kulala, na baba amnyanyue tena saa 4 usiku kabla hajalala mwenyewe. Kwa kawaida hali hii hupungua yenyewe nyumba ikishatulia. Ila kama anakojoa mara kwa mara hata mchana, analia maumivu, ana homa, au anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, huo si wivu, mpeleke akapimwe mkojo na sukari.

baba_mapacha

Naongezea la kunyonyesha. Kichanga wa wiki 5 hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo mgogoro huo mnakutana nao mara 8 hadi 12. Usiusubiri uje.

Kabla hujakaa, mpeleke wa kati chooni. Mwekee kikombe cha maji na kipande cha ndizi hapo hapo utakapokaa. Usikae kitandani, kaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kitandani anapanda kwa nyuma na kukusukuma shingo, lakini ukuta ukishika nyuma yako hana pa kupandia, atakuja ubavuni, na ubavuni ndipo unapomtaka. Kichanga upande mmoja, yeye upande wa pili ameegemea.

Tafuta kikapu kidogo ambacho kinashuka juu ya kabati wakati wa kunyonyesha tu. Ndani weka kifuniko cha sufuria, vikombe vya plastiki vinavyoingiana, mwiko, kibao na chaki. Kunyonyesha kukiisha, kikapu kinarudi juu. Kikiachwa chini siku nzima, baada ya siku 2 hakina maana tena. Usiweke kitu kinachopita kwenye koo: shanga, vifungo, na hasa betri bapa za saa na midoli. Ile ikimezwa inaunguza koo kwa saa chache, ni ya kukimbilia hospitali moja kwa moja.

Na chunga huruma yake. Mtoto wa miaka 3 akimpenda mdogo wake, atamlisha. Atamtia ubuyu mdomoni, au karanga, au biskuti aliyoitafuna yeye. Mwambie kwa neno moja lisilobadilika: "Mdogo wako anakula nyonyo tu." Na wewe bibi pia, hakuna maji, hakuna asali, hakuna uji mpaka miezi 6, na asali isubiri mwaka mzima utimie.

Kuhusu kubana mashavu, mpe mahali pa kugusa. "Shika miguu." Miguu ni yake, uso na utosi si vyake. Ukisema "usimguse!" umemkataza kila kitu na atagusa ukigeuka.

Kuna ujanja mmoja mdogo unaofanya kazi kuliko zawadi: mwambie kichanga asubiri, kwa sauti, wa kati akisikia. "Wee mdogo, subiri kidogo, namfunga dada yako kiatu." (Au kaka, sijui wa kati ni yupi.) Kichanga haelewi. Mwenzake anaelewa vizuri sana.

NesiWaZamu

Nimesahau kikohozi cha shule, na hicho si kidogo.

Kaka mtu akiingia: sare inavuliwa mlangoni, mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20, hadi viwikoni, ndipo amsogelee mtoto. Busu hakuna, hata la mkono, kwa sababu kichanga anautia mkono mdomoni. Siku anazokohoa asimpakate kabisa, amwangalie kwa mbali.

Wiki ijayo kichanga anatimiza wiki 6. Ndiyo chanjo yake ya kwanza dhidi ya kifaduro, ndani ya ile sindano ya pamoja, halafu wiki ya 10 na ya 14. Usiisogeze hata kwa siku 3 kwa sababu ya mafua ya kawaida. Na fungua kadi za wakubwa uone kama walimaliza zao. Kifaduro kwa mtoto wa miaka 7 ni kikohozi kirefu tu, lakini kichanga anaweza kukatika pumzi bila hata kukohoa.

Kuhesabu pumzi: ametulia, hanyonyi wala halii, fungua kifua, weka saa ya simu dakika 1 kamili. Kila kifua kinapopanda ni 1. Ikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Ikirudia, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Nenda pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, anashindwa kunyonya, amelegea, amepata degedege, au joto limefika 37.5. Umri huu hatusubiri kuona kesho. Na ile dawa ya kikohozi iliyobaki ya kaka mtu usimpe, hata nusu kijiko.

Shangazi Mkali

La mgongoni: hapana. Shingo hukaza kwenye miezi 3 au 4, na hata ikikaza, mtoto wa miaka 7 akijikwaa kwenye kizingiti anaangukia na mzigo wake. Wale dada zetu wa zamani waliobebeshwa wadogo zao, wengi walibeba watoto wanaokaa wenyewe, bibi mkumbushe hilo kwa adabu.

Lakini usimnyime, maana ana nia. Akae chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mto chini ya kiwiko, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Dakika 5 au 10 zinatosha. Asimsimamishe wala kutembea naye. Kazi nyingine yake iwe kuleta nepi na kusoma daftari lake kwa sauti kando ya mtoto. Kichanga atanyamaza, na masomo ya kesho yatakuwa yamesogea.

Kupika ufunge mgongoni wewe? Jikoni hapana, kwa wiki hizi. Bibi ampakate, wewe upike.

mamaK_Tandika

Asanteni sana. Wa kati ni wa kike, baba_mapacha ulipatia. Chandarua cha kliniki kipo, kweli kiko kwenye mfuko! Swali la mwisho: kuoga. Nikimwogesha kichanga, dada mtu anatia mikono kwenye beseni, na maji ya moto yako hapo hapo.

baba_mapacha

Maji ya moto yasiwe hapo hapo. Ndiyo kosa lenyewe. Wengi wanamwaga ya moto kwanza halafu wanageuka kuchota ya baridi, na mkono wa mtoto unaingia kabla. Maji ya baridi yatangulie kila siku, ya moto yaongezwe kidogo kidogo kutoka kwenye chupa ya chai iliyofungwa, kisha chupa irudi juu ya meza. Pima kwa kiwiko: usihisi moto wala baridi. Kina cha vidole vinne kinatosha.

Taulo, nepi na nguo viwe vimetandikwa kabla hujamvua. Ukikumbuka sabuni katikati, mtoke wote wawili, yaani yeye kifuani kwako. Usimwambie dada "mshikie". Dakika 5 na amemaliza.

Dada apewe kopo, amwagie miguu tu. Kisha kichanga akishavalishwa na kukabidhiwa bibi, dada aingie kwenye beseni hilo hilo na maji yale yale. Ukimwambia mapema kwamba zamu yake inafuata, hatasukuma. Akitoka tu, mwaga maji na ulifudikize beseni. Lisikae na maji hata ya kufulia, mtoto wa miaka 3 anazama kwenye kina kidogo kuliko unavyodhani.

Shangazi Mkali

Na bibi asiwashe jiko la mkaa chumbani ili "mtoto asipatwe na baridi" baada ya kuoga. Dar hakuna baridi ya namna hiyo. Taulo kavu na kofia dakika chache, yatosha.