Mdogo wangu hakuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, sasa makocha wanataka ahame kutoka safeti awe lainibeka. Akubali?

Mtanga_Minnesota:

Wakuu salaam. Naombeni ushauri, hasa kwa wanaoifuatilia futiboli ya Kimarekani kwa karibu au wenye ndugu aliyepitia huko.

Mdogo wangu amecheza safeti, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, tangu sekondari mpaka chuo. Wazazi wetu ni wa Tanga, sisi tumekulia huku Minnesota. Aprili, kwenye drafti ya 2025, pale timu za NFL, ligi kuu ya huku, zinapochagua wachezaji wapya, yalisomwa majina 257. Tulikaa sebuleni siku zote tatu na jina lake halikutajwa. Raundi ya saba ilipokwisha wakala wake akapigiwa simu na timu moja, dogo akasaini mkataba wa miaka mitatu. Ukiusoma vizuri, mkataba huo haumhakikishii chochote zaidi ya kuingia kambini. Timu naomba nisiitaje.

Kambi ndogo ya Juni imeisha juzi. Kabla hajaondoka aliitwa ofisini, akawakuta kocha wa mabeki wa nyuma na kocha wa malainibeka (walinzi wanaosimama kati ya mstari wa mbele na mabeki hao) wamekaa pamoja. Wakamwambia kwenye usafeti foleni ni ndefu, wanataka kumjaribu kama lainibeka wa upande dhaifu, yaani upande wenye wapinzani wachache, na akirudi mwishoni mwa Julai awe na kilo 102. Sasa hivi ana 94, kwa urefu wa mita 1.85.

Dogo ameumia. Anaona wamemwambia kwa adabu kwamba hatoshi. Chuoni alikuwa anasimama yadi kumi na mbili nyuma, uwanja wote uko mbele ya macho yake, na ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake kwa sauti. Leo anaambiwa asimame yadi nne au tano kutoka kwenye mpira, na mbele yake kuna jitu la kilo 140 linamjia. Mama alichosikia ni kwamba atagongwa zaidi, basi usingizi hana. Baba kasema mwenye mwili ndiye aamue. Simu za usiku zinakuja kwangu, na nataka nimwambie kitu cha maana, siyo kumtia moyo tu.

Akubali, au aombe abaki safeti apambane hapo hapo? Na akikubali, wiki hizi kabla ya kambi azitumieje?

Natanguliza shukrani.

Pwani_Houston:

Mkuu, kwanza hongereni. Kufika hapo bila kuchaguliwa siyo jambo dogo. Nafundisha futiboli ya sekondari huku Texas, na vijana wangu kadhaa nimewabadilisha namba, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Mwambie dogo aanze na hesabu ya kikosi. Kambini wanaingia watu 90. Mwishoni mwa Agosti wanabaki 53, na siku hizi wanatemwa wote kwa mpigo mmoja, siyo kwa mafungu kama zamani. Katika hao 53, siku ya mechi wanaovaa jezi ni 48. Sasa wale wa chini kabisa kwenye orodha hawabaki kwa sababu ya uzuri wao kwenye ulinzi. Wanabaki kwa sababu wako kwenye timu maalumu: mpira wa kuanzia unapopigwa, unapopokelewa, panti (mpira wa mguu wa kuwaachia wapinzani zamu) inapopigwa na inaporudishwa. Kocha wa timu maalumu ndiye atakayemtetea dogo kwenye kikao cha mwisho, kuliko hata hao wawili waliomwita ofisini.

Na hapo ndipo mwili wa lainibeka mwepesi unapopata soko. Tangu 2024 sheria ya mpira wa kuanzia imebadilika. Wanaokwenda kumkamata mrudishaji hawatoki tena mbali kwa mbio ndefu, wanasimama kwenye yadi ya 40 ya wapinzani na wazuiaji wako hatua chache tu mbele yao. Wanaofaa pale ni watu wenye mbio na mikono yenye nguvu ya kujinasua haraka. Mtu wa kilo 94 hadi 102 aliyezoea kuangusha watu uwanja ukiwa wazi ndiye hasa anayetafutwa.

Kuhusu kazi yenyewe. Safeti anasoma uwanja mzima kisha ndiyo anaamua. Lainibeka hana huo muda. Anamtazama gadi, mzuiaji wa mstari wa mbele wa wapinzani aliye mbele yake, na hatua ya kwanza ya gadi ndiyo inayomwambia aende wapi. Gadi akisogea mbele kwa nguvu, ni mbio, wanaubeba mpira. Akirudi nyuma kichwa kikiwa juu, ni pasi. Akichomoka kukimbia upande, mfuate, mpira uko huko. Kuna kitu hata watoto wangu wa miaka kumi na sita nawafundisha: tazama vidole vya gadi vilivyogusa nyasi. Vikiwa vimebanwa mpaka vimepauka, ameegemeza uzito mbele na anataka kuja kukugonga. Vikigusa kidogo tu, anajiandaa kurudi nyuma kumlinda kwotabeki, yule mrusha pasi. Wazoefu wanajua kuficha, lakini wachanga wenzake atakaokutana nao kambini wengi hawajui.

Kosa la safeti anayehamia pale ni moja, na nimeliona kila mara: mpira ukianza anarudi hatua moja nyuma. Miguu imeshazoea. Hatua hiyo moja inampa gadi nafasi ya kumfikia. Wiki hizi zote, kabla ya kitu kingine chochote, aiue hiyo hatua.

Nyundo254:

Kuna Mkenya mwenzetu alipita njia ngumu kuliko hiyo. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga. Colts wa Indianapolis walimsajili 2013 bila ya yeye kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, wakamweka lainibeka wa nje. Desemba mwaka huo huo alikuwa uwanjani kwenye mechi ya ligi, na mlango uliomwingiza ni hizo hizo timu maalumu anazosema Pwani. Hakudumu sana, ila aliingia. Dogo amecheza mchezo huu utotoni mwake wote, atashindwaje?

Kitengule:

Hongera sana mkuu, Mungu amtangulie. Nafuatilia uzi.

MzeeDMV:

Mimi sikubaliani na haraka hii ya kusema akubali tu.

Watu watakutajia Deone Bucannon na Mark Barron, masafeti waliogeuzwa malainibeka wakiwa chini ya kilo 100 na wakafanya vizuri. Watakutajia Thomas Davis wa timu ya Carolina. Ni kweli. Lakini wote hao walichaguliwa raundi ya kwanza. Timu ilikuwa imeweka mali, kwa hiyo iliwavumilia wakijifunza. Kijana asiyechaguliwa hapewi huo muda. Akikosea mara mbili kwenye mechi ya kwanza ya maandalizi, ya pili anaingia robo ya nne.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Mechi za maandalizi ni tatu. Video za hizo mechi ndizo barua yake ya kuombea kazi kwa timu nyingine 31. Akitemwa, wataona nini? Wataona lainibeka mgeni anayechelewa kusoma mchezo, mwenye kilo nane alizoongeza kwa wiki sita. Usafeti wake mzuri wa chuoni hakuna atakayeurudia kuutazama.

Ushauri wangu: asikatae, ila asiache. Timu ikiweka mabeki sita wa nyuma, ile fomesheni ya daimu, mara nyingi mmoja wao anashuka kusimama mahali pa lainibeka. Amwombe kocha amfundishe kazi hiyo kwanza. Hapo anabaki na jina la safeti, anajifunza ulainibeka, na uzito hauhitaji kupanda kwa fujo.

Pwani_Houston:

Mzee, hoja ya video ni nzito, naikubali. Na hilo la daimu ni zuri, alipeleke kwa kocha kama swali, siyo kama sharti. Ila mfano wa wasiochaguliwa upo. Christian Izien alikuwa safeti pale chuo cha Rutgers, hakuchaguliwa 2023, Buccaneers wa Tampa Bay wakamsogeza kucheza beki wa tano karibu na mstari, na mwaka huo huo akawa anaanza mechi. Hakufika kwenye ulainibeka, lakini safari ni ile ile ya kusogea mbele. Ni kama winga wa kwetu anayerudishwa beki wa pembeni: mbio zake haziondoki, anabadilisha tu wakati wa kuzitumia.

Na tuongee pesa, maana familia inahitaji kujua. Akibaki kwenye 53, kima cha chini cha mchezaji mchanga kwa msimu wa 2025 ni dola 840,000, zinalipwa kwa wiki 18. Akitemwa, timu nyingine zina muda usiofika siku nzima wa kumdaka. Zikimwacha, anaweza kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi chenye watu 16, kwa dola 13,000 kwa wiki msimu huo wa 2025. Kuwa na namba mbili kunasaidia sana hapo, kwa sababu kocha anataka mtu mmoja wa kuigiza wapinzani wawili mazoezini. Kutemwa Agosti siyo mwisho. James Harrison hakuchaguliwa 2002, akatemwa mara kadhaa, na 2008 akawa mlinzi bora wa ligi nzima.

Mama_Uvira:

Mwanangu, mimi ni nesi, mchezo siujui sana. Mwambie mama yako hofu yake ni ya haki, asichekwe.

Mambo mawili. Kilo zisipande kwa kula hovyo. Timu ina mtaalamu wa lishe, analipwa kwa kazi hiyo, dogo ampigie leo aulize kama kilo 102 ni za siku ya kwanza ya kambi au ni za mwisho wa mwaka. Tofauti ni kubwa mno kwa magoti na kwa moyo. Akipimwa kilo 98 za misuli na mbio zile zile, sidhani kama kuna kocha atalalamika.

La pili, vijana wa namna yake wanaficha maumivu wakiogopa kufukuzwa. Asifiche, na zaidi kichwa. Akigongwa akaona ukungu au kichefuchefu, aseme palepale kwa daktari na iandikwe. Kama nilivyoelezwa na kijana wa jirani aliyepita huko, aliyeumia kazini hatemwi hivi hivi: anawekwa kwenye orodha ya majeruhi au wanakubaliana malipo ya wiki kadhaa. Lakini kisichoandikwa hakilipwi.

MzeeDMV:

Mama kasema kweli. Wakala naye afuatilie hayo maandishi, ndiyo kazi yake.

Mtanga_Minnesota:

Wakuu, ahsanteni sana, na shikamoo Mama Uvira. Nimemsomea dogo uzi wote kwenye simu jana usiku, mama naye akisikiliza.

Amekubali kuhama. Kilichomgusa zaidi ni hiyo ya timu maalumu, maana chuoni alikuwa anaingia kwenye zote nne na hakuwahi kuiona kama sifa. Leo asubuhi amempigia mtaalamu wa lishe: kilo 102 ni lengo la msimu ujao, kambini wanataka 98. Kumbe hakuuliza siku ile. Swali la daimu amemwandikia kocha, amejibiwa "tutalizungumza Julai", na mimi naona siyo jibu baya.

Sasa ombi moja. Yuko nyumbani mpaka kambi ianze, na mimi sijui kumfanya gadi. Kuna yeyote anayemjua mtu hapa Minneapolis au St. Paul, aliyecheza mstari wa mbele hata chuo tu, anayeweza kusimama naye jioni amfanyishe hiyo hatua ya kwanza?

Nyundo254:

Binamu yangu amecheza gadi chuoni, yuko Brooklyn Park, ana kilo kama 130 na jioni yuko huru. Njoo inbox nikupe namba. Mwambie dogo aje na viatu vya nyasi, ule uwanja hauna zulia.