Kamgeuzia mamangu mkoko kichwa chini, halafu ati "mtajifunza"!

Wanaukumbi, nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mradi wa mikoko kijijini kwetu, tope haijakauka miguuni, na nisiposema nitapasuka.

Yule bwana wa magambuti mekundu mnamjua nyote, simtaji. Kaja na magari matano na wapiga picha wengi kuliko kaa wa pwani nzima. Mamangu, aliyeanza kupanda mikoko bwana huyu hajaota meno, alikuwa ameshika tunda la mkoko, ncha chini, kichwa juu, kama ajuavyo hata mtoto wa madrasa hapa Kwale. Bwana akamnyang'anya, akaligeuza, akalichomeka kichwa topeni, ncha ikaelekea mbinguni kama mkuki. "Hivi, mama. Polepole mtajifunza." Picha! Picha!

Mtajifunza! Mamangu!

Kisha tukakalishwa masaa mawili, "kaboni ya buluu" huku, "kaboni ya buluu" kule, yaani hewa ukaa inayonaswa na mikoko, halafu inauzwa. Mzee mmoja akauliza pesa ya hewa ukaa itagawanywa vipi, na sisi tukitaka boriti na fito za kujengea tutakata wapi. Akajibiwa, "Mambo ya hesabu tuachieni sisi." Tukatia sahihi za soda na nauli. Karatasi ilikunjwa juu, ikabanwa na klipu. Mimi nikaikunjua: kumbe pameandikwa kijiji kimeukubali mradi!

Gazi si hapo tu? Mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu 2013, hekta 117, na kamati ni ya watu wa Gazi na Makongeni wenyewe. Wao ndio wanaoamua pesa iende kwenye maji au shuleni. Vanga wakafuata. Sisi ndio tusiojua kushika mche? Kichwa chini, jamani! Mbele ya wajukuu zake!

Kaa_Tope: Nilikuwepo. Magari yalikuwa mawili. Ila la kichwa chini ni kweli, nimeona kwa macho yangu.

Mwenye uzi: Mawili, matano, mkoko umepinduliwa!

BintiVumba: Pole dadangu, msalimie mama. Lakini watu wazima mnatia sahihi kwanza, mnakunjua karatasi baadaye? Soda gani hiyo, ya dhahabu?

WakiliWaMtaa: Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa 2023. Lazima pawe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Mradi wa ardhini, jamii haipati chini ya 40% ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa. Usio wa ardhini, 25%. Sahihi ya soda si mkataba.

Kaa_Tope: Sasa mikoko ni ardhi au ni bahari? Maji yakitoka 40, yakijaa 25?

WakiliWaMtaa: Hapo hapo ndipo watakapowapiga. Ulizeni mapema, kwa maandishi.

MwanaLamu: Mnalilia tunda moja! Sisi Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, wakataji wetu walikaa barazani na njaa, shoka zikashika kutu. Nani alitufungulia uzi?

Mrufiji: Majirani, huku delta ya Rufiji, Tanzania, mtu kakuta babu yake analima mpunga kwenye mikoko, leo anaitwa mvamizi. Hata picha hatupigwi.

Mwenye uzi: Poleni, lakini huyu bwana kamshika mamangu mkono! Kamgeuzia!

BintiVumba: Tumesikia, dada. Kichwa chini.

FundiMakuti: Samahani, MwanaLamu, korija ya boriti sasa bei gani huko?

MwanaLamu: Mkoko au mkandaa?

FundiMakuti: Mkoko. Zilizonyooka, si kama zile za mwaka jana.

MwanaLamu: Za mwaka jana hukununua kwangu. Njoo faragha.