Kikundi cha ukoo: kabati la stoo ya Bi Mwanaidi

Bi Mwanaidi: Assalamu alaikum nyote. Salehe, mdogo wangu, lile kabati la stoo limefikia wapi? Mchele na ndoo za unga bado ziko sakafuni, na panya wamekwisha kujiona wenyeji.

Mjomba Salehe: Waalaikumu salaam, Dada, na shikamoo. Boksi la kabati limesimama tangu jana jioni. Urefu wake kwenda juu ni sentimita 180, upana 120 na kina 40. Nimelipima kwa ulalo, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha upande wa pili, na vipimo vyote viwili vimetoka sentimita 216 na milimita 3. Vikilingana hivyo, ndipo najua kwamba halikupinda na kwamba milango itafunga bila kugombana.

Rashidi: Shikamoo, Mjomba. Kwa nini umechagua kina cha 40 wakati makabati mengi ya dukani yana 50 au 60?

Mjomba Salehe: Marahaba, mwanangu. Plaiwudi nzima ina upana wa sentimita 122 na urefu wa 244. Ukiipasua kwa kina cha 40 unapata vipande vitatu virefu, hata baada ya msumeno kula milimita zake 3 katika kila mpasuo. Ukitaka 45 unapata viwili tu, na kinachobaki ni ukanda mwembamba usio na kazi kubwa. Kwa hesabu hiyo, plaiwudi mbili za milimita 18 zimenitolea mbavu mbili, kizuizi cha katikati, kifuniko cha juu, sakafu ya chini na rafu zote, na ya tatu, ambayo ni nyembamba, imekuwa mgongo. Stoo yenyewe ni finyu, kwa hiyo sentimita 20 tulizoziacha ndizo Dada atakazopitia.

Bi Mwanaidi: Na lile sufuria langu kubwa la pilau? Hilo haliingii kwenye 40.

Mjomba Salehe: Haliingii, Dada, na sikusudii kulificha jambo hilo. Litakaa juu ya kabati likiwa limefunikwa, kwa sababu si haki kabati zima lipanuliwe kwa ajili ya chombo kinachotoka mara chache kwa mwaka.

Bi Mwanaidi: Haya, nimekubali, ila atakayelipandisha na kulishusha ni wewe.

Rashidi: Mjomba, hicho kizuizi cha katikati kinakula nafasi. Rafu moja ndefu ya sentimita 120 isingekuwa bora?

Mjomba Salehe: Isingekuwa bora, kwa sababu ingebonyea. Ukiongeza urefu wa rafu mara mbili, mzigo ule ule huipinda mara nane zaidi, si mara mbili kama wengi tunavyodhani. Mitungi ya mafuta na makopo ya mama yako yangeifanya rafu hiyo iwe na tumbo kabla ya mwaka kwisha. Hata hizi fupi nimezigongea ukanda wa mbao chini ya ukingo wa mbele. Gunia la kilo 50 lisipandishwe kwenye rafu yoyote, likae chini kabisa, ambako kitako kinalibeba.

Halima: Shikamooni kutoka Dodoma. Mjomba, naomba uniambie jinsi utakavyotengeneza milango. Kabati nililolinunua huko Tanga kwa fundi mmoja lilifika hapa likiwa zuri, lakini kiangazi kilipokolea, mbao za milango zilipasuka katikati, tena kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Nilidhani mbao zilikuwa mbovu.

Mjomba Salehe: Marahaba, Halima. Yawezekana kabisa mbao zilikuwa nzuri ila zilinyimwa nafasi ya kupumua. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa, na kila inapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana wake; kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno kiasi kwamba seremala huyapuuza. Paina yenye upana wa sentimita 46 inaweza kutanuka kwa milimita 3 au 4 unyevu wa ndani yake ukipanda kwa asilimia 3 tu. Sasa chukua mlango uliotengenezwa katika hewa nzito ya pwani, paneli yake ikagandishwa kwa gundi pande zote nne, kisha uupeleke kwenye hewa kavu ya Dodoma. Paneli inataka kusinyaa, fremu imeishika, na hapo lazima kimoja kikubali kushindwa.

Halima: Kumbe gundi ndiyo iliyoleta balaa, nami nilikuwa najiandaa kuongeza nyingine.

Mjomba Salehe: Usiongeze. Milango ya Dada nimeifanya hivi: fremu ni ya mtiki, ambao sisi wa Tanga tunaupata karibu kwa sababu ya msitu wa Longuza kule Muheza, na viungo vya pembeni ni vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja huingia kwenye shimo la nyingine, vilivyotiwa gundi sawasawa. Ndani ya fremu nimechimba mfereji wenye kina cha milimita 12, na paneli ya paina imeingizwa humo bila tone la gundi, huku nikiiachia milimita 4 kila upande. Ukiisukuma kwa kidole gumba unasikia inacheza kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Rashidi: Plaiwudi haitanuki hivyo. Kwa nini usingeitumia kwenye paneli pia ukamaliza kazi mapema?

Mjomba Salehe: Umesema kweli, na ingekuwa kabati la biashara ningefanya hivyo. Lakini mimi ni mstaafu, hii ni starehe yangu, na kupiga randa paina iliyokauka vizuri mpaka itoe maranda membamba yanayojikunja ni raha ambayo plaiwudi hainipi. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba paneli hupakwa vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu. Ukiipaka baadaye, siku itakaposinyaa utaona msitari mweupe wa mbao isiyo na rangi ukichungulia pembeni.

Bi Mwanaidi: Sasa rudini kwenye panya wangu. Na mchwa je?

Mjomba Salehe: Kwa panya, matundu ya hewa mgongoni nimeyafunika kwa wavu wa chuma wenye macho madogo, na sitaacha mwanya wa kupita hata kidole cha mtoto chini ya milango. Kwa mchwa, kabati litasimama juu ya miguu ya sentimita 10 na litakaa mbali kidogo na ukuta, ili uweze kumulika tochi nyuma na chini yake. Ukiona njia ya udongo inapanda mguuni au ukutani, nipigie simu siku hiyo hiyo, hasa wakati wa masika.

Halima: Likiwa mbali na ukuta halitaanguka? Wajukuu wa Mama wanapanda kila kitu.

Mjomba Salehe: Litafungwa. Nitaweka vyuma viwili vya pembe juu, vyenye skrubu na fisha, yaani plagi za kushikia skrubu, ukutani, na kipande cha mbao nyuma yake cha kujaza ule mwanya. Kabati refu lenye kina cha 40 halipaswi kuachwa huru katika nyumba yenye watoto, hata likiwa na mzigo mzito chini. Rashidi, Jumamosi njoo na drili yako na biti ya zege, pamoja na pimamaji, kwa sababu sakafu ya stoo ile ina mteremko na miguu itahitaji vipande vya kusawazisha.

Rashidi: Nitakuja asubuhi, In shaa Allah. Bawaba tayari unazo?

Mjomba Salehe: Ninazo sita, tatu kwa kila mlango, maana mtiki ni mzito. Kilichobaki ni komeo.

Bi Mwanaidi: Komeo lisiwe la chini. Sukari na tende zimo humo humo.

Mjomba Salehe: Nitaliweka kwenye sentimita 150 kutoka sakafuni, Dada.