Nilikuwa msimamizi wa mifumo, sasa nimepata kazi ya dawati la msaada: nikubali au nisubiri?

Taa ya Seva (mleta mada)
Wakuu, salamu. Nimekuwa msimamizi wa mifumo kwa miaka 9. Huu ni mwezi wa 5 tangu kampuni ipunguze wafanyakazi, na idara yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuguswa. Nimetuma maombi mpaka nimepoteza hesabu. Usaili nimefika mara 3, zote naambiwa "tutakutafuta".

Sasa kuna sehemu wamenipa kazi: dawati la msaada, ngazi ya kwanza. Kupokea simu na tiketi, yaani maombi ya msaada yanayoandikishwa kwenye mfumo. Mshahara ni nusu ya ule wa zamani na kidogo juu yake. Bosi wangu atakuwa kijana niliyemzidi kama miaka 10. Wanataka jibu Ijumaa. Akiba yangu ni ya miezi 2, labda 3 nikijibana sana.

Kazi yenyewe siiogopi. Ninachoogopa ni kuingia huko nisitoke tena, na kila atakayesoma CV yangu kuanzia hapo aulize kwa nini nilishuka. Nishaurini, hasa mliopitia.

Bisibisi
Mchagua jembe si mkulima. Akiba ya miezi 2 si ya kuchagulia kazi. Saini.

Kebo Ndefu
Mimi nasema usikubali. Miaka 9 unalea seva, leo ukakae unabadilishia watu paswedi na kuwaambia "zima, washa"? Kazi ile anaifanya yeyote aliyefundishwa wiki mbili. Waajiri wanaangalia cheo chako cha mwisho, hawana muda wa kusoma kurasa za nyuma. Kuna utafiti wa Marekani, walituma maombi ya kazi ya watu wa kubuni, wakakuta kwamba aliyekuwa anafanya kazi ya chini ya ujuzi wake aliitwa usaili karibu nusu tu ya mwenzake aliyebaki kwenye daraja lake. Nusu! Chukua vibarua vya muda mfupi, tengeneza mifumo ya watu, lakini usijishushe kwa mkono wako mwenyewe.

Mwanadawati
Kebo Ndefu, wiki mbili? Njoo ukae kwenye kiti changu.

Wiki iliyopita kuna mhasibu ambaye akaunti yake ilikuwa inajifunga kila asubuhi, saa 2 na dakika chache. Kila siku. Zamu nyingine walikuwa wanamfungulia, wanafunga tiketi, maisha yanaendelea. Mara ya nne ikaniangukia mimi. Nikaomba watu wa seva wanitolee kumbukumbu za domeini, yaani mfumo unaosimamia akaunti zote za kampuni, tukio namba 4740, lile linaloandika akaunti gani imejifunga na ombi limetoka kwenye kifaa gani. Likatokea jina la laptopu ambayo mhasibu alishairudisha stoo. Kumbe laptopu ilikuwa imepewa mtu mwingine, na ndani yake kulibaki kazi ya kujiendesha ya kuvuta ripoti, imeshikilia paswedi ya zamani ya yule mhasibu. Mwenye laptopu akiiwasha tu asubuhi, kazi ile inagonga mlango kwa paswedi iliyokufa mpaka akaunti inafungwa. Nikaifuta. Mhasibu hajapiga simu tena.

Hiyo ni ya wiki mbili? Na hao "watu wa paswedi" unaowataja, seva zenu zikianguka ndio wanaopokea matusi ya kwanza.

Kebo Ndefu
Dada, sikumtukana mtu. Na usinifundishe habari za viti, mimi nimevuta kebo darini miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa swichi ya mtandao. Umetusimulia tiketi moja. Zile nyingine za wiki hiyo zilikuwa za nini? Printa na paswedi. Umeokota lulu moja unataka tuamini bahari nzima ni lulu.

Mwanadawati
Kwa hiyo kutambaa darini ni heshima, ila kushika simu ni aibu? Nieleze tofauti, nasubiri.

Bisibisi
Jamani povu la nini, mtu ana mpaka Ijumaa.

Nukta Saba
Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mnakumbuka siku ile kompyuta zilipogoma dunia nzima, viwanja vya ndege vikasimama? Nadhani ilikuwa 2023, kompyuta kama milioni 80. Nani alizifufua? Wakubwa walikuwa kwenye kikao cha dharura. Waliotembea meza kwa meza ni hao hao wa ngazi ya kwanza.

Hesabu Kwanza
Milioni 8 na nusu, si 80, na ilikuwa 19 Julai 2024. Hayo ni makadirio ya Microsoft, na wakasema ni chini ya asilimia 1 ya mashine zote za Windows. Chanzo kilikuwa faili lenye kasoro kwenye sasisho la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Namba tuziweke sawa, hoja yako naiunga mkono.

Kebo Ndefu
Na dawa yake ilikuwa nini? Washa kwa hali salama, ingia kwenye folda, futa faili moja, washa upya. Rudia mara elfu. Mnanisaidia kuthibitisha nilichosema.

Mwanadawati
Umeruka sehemu moja kwa sababu hukuwepo. Mashine nyingi zilikuwa na BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, kabla hujafika kwenye hilo faili unatakiwa uingize ufunguo wa urejeshaji, tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Mtumiaji yuko mbali, hana namna nyingine ila simu. Nilimsomea mama mmoja, kundi la kwanza, la pili, la tatu, tumefika la tano akakosea, mashine ikakataa. Nyuma yake nasikia foleni ya wateja wanapiga kelele. Akaanza kulia. Nikamwambia mama, weka kidole kwenye namba niliyosema mwisho, usikiondoe, tutakwenda moja moja. Tukaenda moja moja. Baada yake kulikuwa na wengine wengi, na jioni sikuwa na sauti.

Kufuta faili ni dakika moja, hilo nakupa. Zilizobaki zote zilikuwa za kumfanya mtu aliyekata tamaa asikate simu.

Kebo Ndefu
Pole kwa siku hiyo, nasema kwa moyo. Lakini uchovu haupandishi daraja.

Hesabu Kwanza
Turudi kwenye ule utafiti uliotajwa juu, maana umetumika nusu. Ni wa David Pedulla, ulitoka 2016. Ni kweli walio chini ya ujuzi wao waliitwa karibu nusu ya walio kwenye daraja lao. Ila katika maombi hayo hayo kulikuwa na kundi la watu wasio na kazi kabisa, na hao nao waliitwa kwa kiwango cha chini kinachokaribiana na hicho. Mleta mada hachagui kati ya dawati na kiti chake cha zamani. Kiti cha zamani hakipo. Anachagua kati ya dawati na kukaa bila kazi. Kama macho ya mwajiri yanaviadhibu vyote viwili karibu sawa, kimoja kina mshahara na kingine hakina.

Upo na mwingine, wa Kroft na wenzake, 2013, Marekani pia. Waliona nafasi ya kuitwa inashuka kadiri mtu anavyokaa bila kazi, na kushuka kukubwa ni ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Ndugu yetu yuko mwezi wa 5.

Kebo Ndefu
"Umetumika nusu" maana yake mimi ni mwongo? Nimesoma makala hiyo miaka mingi iliyopita, nimekumbuka nilichokumbuka. Tunaweza kubishana bila kuitana majina.

Hesabu Kwanza
Sikukuita jina lolote, ndugu. Jibu hoja ya pili.

Mzee wa Mafaili
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi nilipunguzwa wakati lile puto la kampuni za intaneti lilipopasuka. Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele Machi 2000 halafu ikaporomoka, na kilele kile haikukigusa tena mpaka 2015. Kuna mwenzangu alisema hashuki cheo, atangoja soko lirudi. Sisemi alivyoishia, ni mambo yake. Nasema tu soko halina miadi na mtu.

Nukta Saba
Mzee, Nasdaq ni bei za hisa, ajira ni habari nyingine. Watu walipata kazi za IT kabla ya 2015.

Mzee wa Mafaili
Ni kweli mwanangu. Lakini wengi niliowajua mimi hawakurudi kwenye cheo walichoacha.

Kebo Ndefu
Na soko la sasa ndilo hilo hilo mnalotaka aliogope? Meta walipunguza 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, Microsoft 10,000 mwezi huo huo. Wale wote wangekimbilia dawati la msaada, vijana wanaotoka chuoni wangekaa wapi? Hilo hamlisemi. Kila mwandamizi anayeshuka anamfungia mlango anayeanza.

Mwanadawati
Hapo sasa umesema kitu, ingawa si kwa sababu uliyoitoa. Nimefanya kazi na wawili wa namna hiyo. Wa kwanza alikuja na ujuzi mkubwa, kila tiketi anaikoromea: "hii si kazi yangu". Miezi mitatu akaondoka, tukabaki na tiketi zake na nafasi yake haikujazwa. Wa pili alikaa mwaka na nusu. Ndiye aliyenionyesha kusoma zile kumbukumbu za domeini. Ile 4740 niliyowasimulia, bila yeye nisingeijua.

Dada wa Swichi
Mmemaliza kugombea nani ana heshima? Mleta mada, nina maswali, na ukiyajibu utajua mwenyewe.

Kwanza, utagusa nini? Kuna dawati ambalo unapewa simu na kitufe cha kupandisha tiketi kwa ngazi ya juu yako, basi. Mwaka ukiisha hujagusa seva hata moja, mikono imesahau. Kuna dawati ambalo ngazi ya kwanza inaruhusiwa kusoma kumbukumbu, kuandika skripti, kuingia kwenye domeini kwa haki ndogo. Jina la kazi ni moja, lakini hizo ni kazi mbili. Pili, nafasi ya ngazi ya 2 ikitokea, huwa wanachukua aliyemo ndani au wanatangaza nje? Omba uambiwe ya mwisho ilijazwaje. Wakijiuma midomo, umeshajibiwa. Tatu, vyeti vyako. CCNA, cheti cha mitandao, inaisha baada ya miaka 3, RHCSA, cheti cha Linux, vilevile. Kama chako kinakaribia kuisha na huna mwajiri wa kukulipia mtihani, hilo ni shimo la pili juu ya pengo la CV.

Mimi nilishuka ngazi mbili baada ya kupunguzwa. Nikadai kitu kimoja tu kabla ya kusaini, haki ya kusoma usanidi wa swichi. Kusoma tu, si kubadilisha. Ndicho kilichonitoa.

Taa ya Seva (mleta mada)
Ahsanteni wote, hata waliokasirika. Dada wa Swichi, cheti changu kimebakiza miezi 4, nilikuwa sijakihesabu kabisa. Leo nimewapigia. Ngazi ya 2 ya mwisho walimchukua wa ndani. Kuhusu haki za kusoma kumbukumbu, yule kijana alishtuka, akasema hajawahi kuombwa hivyo na mtu wa ngazi ya kwanza, ataulizia.

Sasa swali jingine linanikaa. Amenisaili kwa simu tu, sidhani kama CV yangu aliisoma yote. Hajui nilikuwa mwandamizi, nasimamia timu ya watu 6. Nimwambie, au nikae kimya asije akaniogopa?

Bisibisi
Kaa kimya. Bosi akijua unamzidi, kila ushauri wako ataona unataka kiti chake.

Mwanadawati
Mwambie! Yule wa kwanza wetu alificha. Tulikuja kujua kwa mtu wa nje, kuanzia hapo kila neno lake tulilipima mara mbili.

Kebo Ndefu
Usifute kitu kwenye CV, hapo nipo na dada. Neno "mwandamizi" ulilipata kwa kukesha. Na ukisaini, usiache kutuma maombi hata wiki moja. Jiwekee tarehe.

Mwanadawati
Tarehe ya kutukimbia, siyo?

Kebo Ndefu
Tarehe ya kujipima, dada. Wewe huna yako?

Mwanadawati
Ninayo. Ya ngazi ya 2, humu humu ndani.

Taa ya Seva (mleta mada)
Nimemwandikia yule kijana usiku huu. Nimemweleza timu ya watu 6, na kwamba nitamwita bosi bila shida yoyote, nataka tu nisikae mbali na seva. Nimeambatanisha CV nzima, "mwandamizi" ikiwa palepale. Barua imeonyesha imesomwa, bado hajajibu.

Nukta Saba
Akijibu tuletee. Na hii habari ya wazoefu kuwafungia mlango vijana wa chuo mbona imeachwa hewani? Mimi ni mmoja wao, nina mwaka wa kwanza naomba hizo hizo ngazi ya kwanza.