Baba mdogo amefika Kentucky na hajui kusoma: aanze kazi au darasa?

Mkazi wa Louisville:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Baba yangu mdogo, mtu wa makamo, amepokelewa hapa Louisville, Marekani, akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na shirika lililompokea limemtafutia kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Kiswahili anakizungumza vizuri, lakini hakuwahi kukaa darasani, kwa hiyo shida yake si Kiingereza peke yake. Siku ya kwanza alipewa karatasi za mafunzo ya usalama, akaonyeshwa pa kutia sahihi, akatia. Aliporudi asubuhi aliniuliza kile kikadi chekundu kilichofungwa kwenye swichi ya mkanda wa mizigo kina maana gani, nami nikaingiwa na hofu. Je, aache kazi asome kwanza, au masomo yasubiri?

Fundi mitambo:
Mweleze leo hii, usingoje darasa: kikadi hicho kina maana kwamba kuna fundi anayeitengeneza mashine, pengine mikono yake imo ndani, na asiyekifunga haruhusiwi kukifungua wala kuwasha. Kuhusu zile karatasi, OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilieleza mwaka 2010 kwamba mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa, na kwamba kumwambia asiyejua kusoma asome karatasi hakumwondolei mwajiri wajibu huo. Sahihi ya baba mdogo haibadilishi jambo hilo. Aombe kurudiwa mafunzo akiwa na mkalimani. Sheria inakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amedai usalama wake.

Mwalimu wa watu wazima:
Mpe shikamoo baba mdogo. Kazi asiiache, kwa sababu msaada wa mapokezi ni wa miezi michache tu na kodi ya nyumba haisubiri. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema masomo yatakuja baadaye, maana nimewaona wengi ambao hiyo baadaye haikufika. Uchumi wa Louisville unategemea sana vifurushi vinavyopita uwanja wa ndege usiku kucha, pamoja na viwanda vya magari, na mtu mwenye nguvu hupata kazi upesi. Ndipo anapohesabiwa kuwa yuko tayari kwa kazi, na hakuna anayemuuliza tena habari za kusoma. Kazi za juu yake zote zinadai maandishi. Dereva wa lori anayevuka majimbo, kwa mfano, anatakiwa na kanuni za serikali kuu awe anasoma na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewa alama za barabarani na kujaza taarifa zake.

Ushauri wangu ni kwamba ajifunze kusoma kwa Kiswahili kwanza, nyumbani, kila siku kidogo, kwa kuwa herufi zetu zinatamkwa jinsi zinavyoandikwa na lugha yenyewe anaijua. Akishaelewa kwamba herufi ni sauti, Kiingereza kitakuwa lugha mpya tu, si mizigo miwili kwa pamoja. Sambamba na hayo, ulizeni elimu ya watu wazima iliyo karibu kama wana darasa linalochanganya lugha na ufundi. Vyuo vya jimbo la Washington vimefanya hivyo kwa miaka mingi, mwalimu wa lugha na mwalimu wa fani wakifundisha pamoja, na sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014 inaruhusu utaratibu huo kote nchini. Tatizo ni kwamba madarasa hayo kwa kawaida humtaka mtu awe tayari anasoma kiasi, ndiyo maana nasisitiza Kiswahili kianze sasa.

Mama wa Lexington:
Naongeza moja. Mkimbizi anaweza kuomba uraia akitimiza miaka mitano tangu aingie nchini, na katika mtihani atatakiwa kusoma sentensi moja ya Kiingereza na kuandika nyingine. Msamaha wa lugha kwa wenye umri mkubwa unadai miaka 15 au 20 ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo asiutegemee. Aombe zamu ya mchana mara nafasi ikipatikana, hata kama malipo yatapungua kidogo, kwa sababu mtu aliyetoka kubeba mizigo alfajiri hawezi kukaa darasani saa tatu asubuhi akaelewa kitu.

Mkazi wa Louisville:
Asanteni sana. Kesho nitafuatana naye kwa msimamizi kuomba mkalimani, na zamu ya mchana tutaiulizia hapo hapo.